Spika ya Juu ya Paa

Fundi Erasto wa mtaa wa Rusimbi, Kigoma, hakuwahi kushindwa na waya wa gari, na kwa sababu hiyo hakuwahi pia kuambiwa amekosea. Ujuzi ukizidi kusifiwa, humpofusha mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1993 boti zilikuwa zikiwashusha wakimbizi Warundi pale ufukweni Kibirizi usiku na mchana, na watoto wakipotezana na wazazi wao. Ofisi ya ustawi wa jamii ikamwita Erasto afunge spika juu ya Landrova yake, ili mtumishi wake Bibi Frida apite mitaani akitangaza majina ya waliopotea. Erasto alitaka kutoboa paa apitishe waya. Mkubwa wa ofisi akakataa, gari la serikali halitobolewi. Basi akaupitisha mlangoni. Ndani akamwekea Frida kaspika kadogo ajisikie anavyosema. Akajaribu mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje, kama mafundi wote wafanyavyo. Rusimbi nzima ikasikia, naye akanawa mikono.

Siku ya nne alikuja Regina, muuza dagaa wa Buzebazeba, amemshika mkono mtoto wa miaka mitano aliyemwokota ufukweni. Mtoto alijua mambo mawili tu: yeye ni Agnesi, mama yake ni Leonia. Regina alisema gari limepita mlangoni kwake mara mbili, akamwona Frida anachezesha midomo, sauti hakuna.

"Fundi, spika yako haisemi."

Erasto akacheka. Dagaa na umeme wapi na wapi?

Adhuhuri Frida alipoleta gari betri ichajiwe, Erasto alipima mbele ya Regina, makusudi. Fyuzi nzima. Taa ya kupimia ikawaka kila alipogusa. Frida akasema neno, spika ikanguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Erasto akamtazama Regina kwa uso wa mshindi. Jua lilikuwa likimchoma Frida, akavuta mlango, akaendelea kusoma majina.

Juu kukawa kimya. Ndani kaspika kanaongea.

Erasto akafungua mlango, sauti ikarudi. Akafunga, ikakatika. Waya uliobanwa na mlango ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Mlango ukiwa wazi ncha ziligusana, ukifungwa ziliachana. Siku nne Frida alikuwa akijitangazia mwenyewe.

Majuto ni mjukuu, lakini ya Erasto yalikuja siku ileile. Alitoboa paa bila kumwomba mtu ruhusa, akapitisha waya mpya. Alipouliza kama Leonia anajulikana, Frida alikaa juu ya tairi, akalia. Leonia alikuwa akija ofisini kila asubuhi.

"Jana nilimwambia nimemwita mtoto mtaa kwa mtaa," alisema. "Nikamwambia angekuwa Kigoma, angesikia. Leo alfajiri amepanda boti kurudi kwao. Anakwenda kutafuta maiti azike."

Kwao ndiko walikokuwa wakiuawa watu.

Walikwenda Kibirizi wote. Erasto alishika kipaza sauti mwenyewe, akaligeuzia ziwa uso, akaita Leonia, Leonia, mama Agnesi. Sauti ilitoka safi, ikaenda mbali juu ya maji ambako hapakuwa na chombo.

Agnesi aliposikia jina la mama yake, alimponyoka Regina, akawakimbilia wanawake waliokuwa ufukweni. Akawa anawatazama usoni mmoja mmoja.