Azalia za Wendell Hruska

Wendell Hruska hakuwa mtu wa maua. Maisha yake yote hapa Ennis, Texas, alikuwa fundi wa matrekta, na uwanja wa nyumba yake ulikuwa nyasi tupu na mwaloni mmoja mkubwa. Kiangazi, udongo wetu mweusi ukianza kupasuka mpaka mkono unazama kwenye ufa, alitandaza mpira wa maji kuzunguka msingi wa nyumba kama sisi wengine, kuulowesha udongo ili kuta zisije zikapata nyufa, na hapo kazi yake ya bustani ikaishia. Ndiyo maana alipomwita Ofelia Cantú, mama anayetengeneza nyua za watu hapa mjini, akamwambia anataka azalia, vile vichaka vya maua vinavyopenda udongo laini wa msituni, Ofelia alidhani anataniwa.

"Azalia? Hapa?" Ofelia aliugonga udongo kwa kisigino. "Mzee, huu ni udongo wa kufinyangia vyungu. Azalia zitakufa hata hujamaliza kunishukuru."

"Umekuja kuchimba au kunihubiria?"

"Vyote viwili. Mahubiri sikutozi."

Wendell hakucheka. Alimwonyesha dirisha la sebuleni. Ndani alikaa mkewe, Marlys, akikunja taulo, akilikunjua, akilikunja tena. Alikuwa amevaa sweta katika joto lile, na vifungo vilikuwa vimepishana.

"Ananiomba nimrudishe kwao," Wendell alisema. "Kila jioni anachukua mkoba wake anasimama mlangoni. Kwao ni kule mashariki, kwenye misonobari. Nyumba ya mama yake ilizungukwa na azalia, huoni hata ukuta. Ilishabomolewa, kuna duka la matairi sasa. Nikasema, kama siwezi kumpeleka, basi niilete hapa."

Ofelia alivua kofia, akajifuta jasho, akakubali.

Walianza joto lilipopungua. Udongo ule ukilowa hung'ang'ania koleo, ukikauka huwa tofali. Ofelia hakuchimba mashimo. Alimweleza Wendell kwamba ukichimba shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza udongo mzuri, mvua za machipuko hulifanya beseni, na mizizi inaoza humo. Alifumua udongo wa juu tu, akauwekea mteremko kidogo maji yapate kwa kukimbilia, kisha akajenga matuta yaliyozungushiwa mbao na kufika magotini, chini ya kivuli cha mwaloni. Wendell alitaka kuyajenga kwa mawe ya huku kwetu, akakatazwa, maana mawe yale ni chokaa na azalia haziipendi. Basi aliendesha gari mwenyewe kwenda mashariki, akarudi na mchanga mwekundu na magunia ya maganda ya misonobari. Akatega mapipa ya maji ya mvua, maana ya bomba nayo yana chokaa. Alikuwa amepata kazi, mzee yule. Majirani tulimwona akiongea peke yake huku akisukuma toroli, na tulifurahi kwa ajili yake.

Machipuko yalipofika, azalia zilichanua. Zilichanua za rangi ya waridi na nyeupe, zikafunika mbao, watu wakawa wanapunguza mwendo wa magari kuzitazama. Asubuhi moja Marlys alitoka na gauni la kulalia, peku, akayashika maua kwa viganja vyote viwili. Akageuka.

"Wendell," alisema. "Mbona umekonda hivyo?"

Hakuwa amelitamka jina lile tangu kabla ya Krismasi. Wendell alimpigia simu Ofelia, akabaki analia tu simuni.

Lakini Marlys hakuwa ameishia hapo. Siku ile ile aliingia jikoni akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Mama alishafariki, mpenzi. Zamani."

Alianguka magotini, akalia kilio cha mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake aliyaona maua, akamjua mumewe, akauliza tena, akalia tena vile vile. Siku iliyofuata Wendell akaona bora adanganye.

"Ameenda kanisani."

Marlys akabeba kiti akakaa nje kumngojea. Jua lilipanda, midomo ikamkauka, akakataa chai ya barafu, akakataa kuingia ndani. Ofelia alipopita kukagua matuta alimkuta pale, uso umeiva.

"We binti, umemwona mama yangu huko njiani?"

"Sijamwona, mama."

"Mwambie afanye haraka. Nimemchumia maua."

Wendell alimvuta Ofelia pembeni. Hakuwa amenyoa ndevu. "Zing'oe," alisema.

"Mzee, vumilia kidogo. Yatapukutika yenyewe."

"Na mwakani? Si uliniambia zimeshika?"

"Zimeshika vizuri," Ofelia alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi zing'oe."

Alizing'oa asubuhi iliyofuata. Mizizi ilitoka nyeupe na mizima. Marlys alikuwa dirishani, akigonga kioo kwa ngumi. "Mwizi! Wendell, anaiba maua ya mama! Wendell, mzuie, unatazama nini?" Wendell alimkumbatia kutoka nyuma, akauficha uso wake kwenye nywele za mkewe mpaka gari la Ofelia lilipoondoka.

Ofelia aliwagawia watu miche ile, lakini nani hapa ana udongo wa kuipokea? Mingi ilikauka kwenye magunia kabla ya Juni.

Baada ya hapo Marlys hakumwulizia mama yake tena. Jioni hakuchukua mkoba wala kusimama mlangoni. Alikuwa akilishwa, akimeza, akilazwa. Alifariki Januari, mvua ikinyesha, na makaburini tope lilituvua viatu.

Baada ya mazishi watu walikusanyika kwa Wendell na mabakuli ya vyakula na kolachi, vile vimikate vitamu vya Kicheki vyenye matunda katikati. Walipoondoka, Ofelia alibaki kuosha vyombo. Wendell alikuja akasimama karibu naye na kitambaa cha kufutia mkononi, lakini hakufuta kitu.

"Alikuwa ananijua," alisema. "Siku zile. Alikuwa analia, ndiyo, lakini alikuwa ananijua. Nilipokuambia uzing'oe, mimi ndiye niliyekuwa nimechoka, Ofelia, au yeye?"

 Ofelia alimpa sahani, Wendell akaipokea, na wakaendelea hivyo, huyu akiosha na yule akifuta, mpaka vyombo vikaisha.