Chomea, Chomelea

Pale Malaba, mkabala na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, hakuna asiyemjua Aguti. Ukitaka geti lisilolia, kitanda cha chuma kisichoyumba, au tela lililopasuka ubavu liunganishwe kabla dereva hajamaliza chai, utaambiwa nenda kwa yule dada wa miwani myeusi. Unyenyekevu wa bure hana. Akimaliza kazi hurudi nyuma kidogo, akaitazama, akasema, "Hii imekaa," na kweli huwa imekaa.

Siku mzee Oduori alipofika kutoka Funyula, Aguti alikuwa akimsubiri tangu asubuhi. Mzee huyu ni baba yake Methuselah, kijana anayefanya kazi kwa wakala wa forodha hapo mpakani, na Methuselah na Aguti walikuwa wamekubaliana. Mzee alikuwa ametamka wazi kwamba hatakwenda Amagoro, kwa wazazi wa Aguti, kuzungumza habari za ndoa mpaka amwone kwanza huyo Mteso anayecheza na moto. Akikataa, basi imekwisha, maana Methuselah ni mpole, na mbele ya baba yake hupungua kimo. Aguti alimpenda na upole wake huo huo. Alimtaka kwa moyo wote, na wazo la kumkosa kwa sababu ya mzee mmoja mkaidi lilimkera kuliko lilivyomtisha.

"Mulembe, mzee," akamsalimia, makusudi, kwa lugha ya mzee mwenyewe.

"Mulembe." Mzee akakikagua kibanda kuanzia paa hadi sakafu, kama mtu aliyetumwa kutafuta kasoro. "Sisi ukoo wetu tulifua chuma huko Samia kabla hii mpaka iwekwe. Babu alifua, baba akafua. Mimi nilipata kazi ya trekta, lakini damu iko."

Methuselah, aliyekuwa nyuma yake, alikohoa tu.

Mzee akatoa kisu kutoka kwenye gunia. Kilikuwa kipana, cheusi, na mpini wake ulikuwa wa mti uliong'aa kwa kushikwa. "Baba yangu alifua hii kutoka kwa springi ya lori. Siku hizi imelegea. Nichomee, nitarudi saa tisa nione." Akaondoka na mwanawe kwenda kula.

Sasa hapo ndipo mambo yalipopinda. Malaba ni mji wa haraka, na hakuna mwenye nafasi ya kutamka neno lote la kuchomelea. Madereva wote husema, "Boss, nichomee hii," na fundi anajua anaambiwa aunganishe. Aguti akakishika kisu, mpini ukacheza mkononi. Akatazama karibu na shina la mpini, akaona ufa mwembamba kwenye chuma. Imelegea, nichomee: kwake maneno yalikuwa yamekaa sawasawa. Akavaa miwani, akauziba ufa ule kwa mshono mwembamba ambao ungemfurahisha hata mwalimu wake wa politekniki, akakitumbukiza kisu katika ndoo ya maji kipoe, akakaza na mpini.

Mzee aliporudi hakuusifu mshono. Alipitisha kidole kwenye makali, kisha akakipiga kisu ubapa juu ya fuawe, lile pande la chuma la kugongea vyuma. Kikakatika vipande viwili, kando kidogo tu ya mshono.

Malori yaliendelea kupiga honi huko barabarani. Methuselah alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Hii ni nini umefanya?" mzee akauliza kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyotisha. "Mimi nilisema uchomee! Uweke kwa moto, makali irudi. Nilisema uigundishe kama kikombe?"

"Mzee, ulisema imelegea."

"Makali ndiyo imelegea! Mtoto alisahau kisu kwa jiko usiku mzima, sasa haikati hata sukuma wiki!"

Aguti alihisi uso ukimwaka. Aliona aibu, na aliona hasira pia, na kwa muda hakujua ipi ilikuwa kubwa. Angeweza kujitetea, maana mji mzima ungemshuhudia kwamba kuchomea ni kuchomelea. Lakini alijua jambo jingine ambalo mzee hakulijua, nalo lilimuuma zaidi.

"Kusikia vibaya, hiyo tugawane," akasema. "Lakini kuvunjika ni kwangu peke yangu. Chuma ya springi ukiipoza kwa maji hapo penye umechomelea, inakuwa kama glasi. Nilijua. Nilikuwa nataka ukirudi tu useme huyu ni fundi, nikaharakisha."

Mzee hakutarajia hilo.

"Keti hapo," Aguti akamwambia, akamsogezea kiti. "Nitakirudisha, na utakuwa unaniangalia."

"Na kikikataa?"

"Hakikatai."

Akasaga kingo za vipande vyote viwili, akavipasha moto kwanza mpaka mate aliyoyatema juu yavyo yakawa yanaruka, ndipo akachomelea. Safari hii hakugusa ndoo. Alikifukia kisu katika majivu, akakiacha kipoe kwa raha zake. Methuselah alileta chai, na mzee akainywa bila kuondoa macho kwenye majivu.

Kilipopoa, Aguti akawasha makaa na feni, akakilaza kisu motoni. Kikaanza kuiva, kwanza wekundu wa giza, kisha wekundu wa kung'aa. Mzee akasimama.

"Bado," akasema. "Mimi nilikuwa navuta mifuko ya upepo ya baba, ile ya kupuliza moto. Hiyo rangi bado."

Aguti akachukua sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kwenye waya, akaigusisha. Ikashika. "Bado kweli," akakubali. "Ikikataa sumaku ndiyo tunajua ndani kumebadilika."

Wakasubiri wote wawili wameinama, bega kwa bega, macho motoni. Sumaku ikagusa tena, ikateleza bila kushika.

"Sasa!" wakasema pamoja.

Kisu kikaingia kwenye kopo la mafuta kwa kishindo na moshi. Alipokitoa, Aguti alimwonya mzee asikipige, kwa sababu kilikuwa kigumu kupita kiasi na kingevunjika tena. Akakisugua kiwe cheupe, akakirudisha juu ya makaa kidogo kidogo, mpaka rangi ya asali ikatambaa hadi kwenye makali. Hapo akakiondoa.

"Lakini chuma ni ile ile," mzee akasema. Hakuwa anabisha tena, alikuwa anauliza. "Hujaongeza kitu. Asubuhi ilikuwa uji, saa tisa ikawa glasi, na sasa unasema ni kisu."

"Ni ile ile, mzee. Ndani kuna chembe ndogo sana, na moto unazipanga upya. Ukipoza haraka zinajipanga hivi, ukipoza pole pole zinajipanga vingine. Tabia ya chuma inatoka kwa hiyo mpangilio." Akafikiri kidogo. "Kwani maneno si ni hivyo? Choma, unaharibu kitu. Chomea, umetumia moto kwa kazi. Chomelea, vitu viwili vimekuwa kimoja. Mzizi haujabadilika, ni vile umepanga hapo mwisho. Mimi na wewe tumevunja kisu cha baba yako kwa silabi moja."

Mzee akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Methuselah akamtazama kana kwamba hajawahi kuyaona meno ya baba yake.

Kisha mzee akaokota msumari wa inchi nne, akaulaza juu ya fuawe, akaukata kwa kisu kwa pigo moja. Vipande vya msumari vikaruka. Akayaangalia makali kwenye mwanga, akayapitishia kidole, akayaangalia tena. Hayakuwa na pengo wala mkunjo.

"Methuselah," akaita bila kugeuka. "Huyu utamuoa. Nimesema."

Methuselah akashusha pumzi ndefu. Aguti naye moyo ulimruka, lakini mdomo wake haukuwahi kujua kukaa kimya palipo na neno lililopangwa vibaya. Akavua glavu zake.

"Samahani, mzee. Hanioi."

Kibanda kikapoa ghafla. Methuselah akainua uso, umempauka.

"Tutaoana," Aguti akasema.

Mzee akalitafuna neno lile polepole. Akamtazama msichana, na Aguti hakuinamisha macho. Kisha akamgeukia mwanawe, na alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wewe umesikia. Unataka kuoa, ama mnataka kuoana?"

Methuselah akapita mbele ya baba yake, akasimama kando ya Aguti, penye makaa.

"Tunataka kuoana, baba," akasema, na hakukohoa.

"Basi uliza baba yake yuko nyumbani siku gani."