Wimbo wa Matanga Mchana

Mtoto hakulia sindano ilipomwingia pajani. Alimtazama tu Nekesa, muuguzi wa zahanati, kisha akayafumba macho taratibu kama mzee aliyechoshwa na wageni. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kikang'aa. Cha mama yake, Rosaline, vilevile.

Huku Sirisia watu hunyolewa hivyo baada ya kuzika. Nekesa akasema la kusema: "Pole sana, dada. Mmefiwa na nani?"

"Hakuna mtu amekufa, sista." Rosaline alitabasamu. "Ni sisi wenyewe tulizikwa jana. Mtumishi wa Mungu alituombea, tukanyolewa. Leo tunapanda mlimani, na huko hakuna kula mpaka Bwana atuchukue."

"Na huyu mtoto?"

"Si pia yeye alizikwa."

Nje ya lango, jua la saa sita likiwaka utosini, wanawake wawili wenye vipara walikuwa wakimngoja Rosaline. Waliimba wimbo wa matanga, polepole, macho makavu.

Mwezi uliopita mama mmoja, Wakonyo, aliketi kwenye kiti kilekile akayasema hayohayo. Nekesa alimfokea, akamwita mjinga, akamtishia polisi. Wakonyo akainuka na mtoto wake, akaenda zake, na tangu hapo hakuna aliyewaona. Maji yakimwagika hayazoleki, wenzake walimfariji. Nekesa alijua ni nani aliyeyamwaga, na usingizi ulimpaa.

Sasa ulimi ulimwasha tena. Akaumeza moto wake, akavuta kiti, akaketi karibu na Rosaline.

"Maiti huliliwa," alisema kwa upole. "Wewe jana ulililiwa na nani?"

Tabasamu likamfifia Rosaline. "Hakuna."

"Mama yako je?"

"Mami ako Kitale. Hajui. Walisema nisimwambie, ati atanirudisha nyuma."

"Mtu azikiwe mtoto na asiambiwe? Hata adui huambiwa, bana."

Rosaline aliutazama mlango. Nekesa hakumshika mkono, wala hakumbishia habari za Mungu. Alimnyooshea simu yake, basi. Wimbo uliingia dirishani, ukazunguka chumbani, ukatoka. Hatimaye vidole vya Rosaline vikabonyeza namba ambayo havikuwa vimeisahau.

"Haloo? Ni nani?" Sauti ya mama ilikuwa na wasiwasi. Rosaline alipumua tu. "Rosaline? Ni wewe? Nimekutafuta mpaka mochari, mpaka Bungoma!"

"Mami." Akamvuta mtoto kifuani. "Bado niko."

Nje, wimbo ulikatika. Lango likalia, kisha nyayo zikasikika kwenye kokoto, bila haraka yoyote. Nekesa akakiburuta kiti hadi mlangoni, akaketi akiupa mlango mgongo.

Nyuma yake kitasa kikazunguka taratibu.

"Mwambie mama yako aje," alimwambia Rosaline. "Mimi sitoki hapa."