Rangi ya Nyumba ya Mama

Lameck alikuwa fundi wa kupaka rangi mageti kule Kizota, na tangu aanze kazi hiyo hakuweza kuona ukuta mtupu akatulia. Uliomkera kuliko zote ni wa tembe la mama yake, Penina, nje kidogo ya Msalato. Kila kiangazi bibi wa watu alikanyaga udongo na mavi ya ng'ombe, akapiga magoti, akausiriba upya kwa mikono yake, na mgongo wenyewe ulikuwa umekwisha.

"Mama, mwaka huu hugusi matope," Lameck alimwambia. Alikuja na ndoo za rangi ya nje isiyopitisha maji. Dukani waliapa kwamba mvua itachoka yenyewe.

"Nisipousiriba, mwanangu, nitajuaje umepasuka wapi?"

"Hautapasuka."

Lameck akishika lake, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alipaka kuta zote mara tatu. Tembe likang'aa kijani, majirani wakaja kulitazama, Penina akapiga vigelegele. Lameck alirudi mjini kichwa kimevimba, na mwana gani asingejivuna?

Mvua za Desemba zikaja. Maji yaliingilia juu, kwenye paa la udongo, yakashuka ndani ya ukuta, na humo yakakosa pa kutokea. Udongo ukarudi kuwa tope kimya kimya, huku nje rangi iking'aa bila ufa hata mmoja wa kumwonya mtu. Alfajiri moja ukuta ulimwangukia Penina kitandani.

Walimfukua kwa majembe na mikono. Mapande ya rangi yalitoka mazima, hayana hata mkwaruzo. Rangi ilikuwa nzuri kweli, laana yake!

Msibani kila aliyempa mkono Lameck alimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Alitamani kuwapigia kelele wote waondoke. Hakula, hakulia, alikaa tu akitazama kucha zake. Walipotoka makaburini, dada yake Ruthu, aliyekuwa na nyumba yake hapo hapo uani, akaja kuketi karibu naye.

"Nimemuua mama," Lameck alisema. "Lakini ningejuaje, Ruthu? Ukuta haukuonesha kitu!"

"Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Tangu Krismasi alikuwa akisema chumba kinanuka tope, na ukuta kwa ndani ni wa baridi. Nikamwambia tuibandue hiyo rangi, au nikupigie simu. Akakataa katakata. Hata kuja kulala kwangu alikataa, eti utasikia, utauliza sababu."

"Sasa kwa nini, dada?"

Ruthu alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alisema utaumia. Alisema, mtoto amehangaika kwa ajili yangu, mwacheni kwanza afurahi."

Hapo ndipo Lameck alipolia, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.