Breki ya Upande wa Mwalimu

Mwalimu wa udereva alikuwa na sheria moja aliyoihubiri mpaka wanafunzi wakaichoka: aliyepiga maji haugusi usukani. Na kwa hilo hakuwa mnafiki. Jumapili moja mchana, yeye, mkewe na binti yao walipoaga kwa shemeji yake, alikuwa ameshusha bia za kutosha kumfanya amsifie kila mtu pale nyumbani. Akampa bintiye ufunguo bila kubembelezwa.

"Endesha wewe, mwanangu. Mimi leo nakaa tu."

Akakaa kushoto kwake, kiti chake cha kila siku, mkewe akaketi nyuma. Sasa gari lenyewe lilikuwa la shule yake, lenye breki mbili: ya dereva, na nyingine miguuni pa mwalimu, ya kuokoa jahazi mwanafunzi akiteleza. Mtu mzima, mvi kichwani, akasahau kwamba akikaa pale naye anaendesha.

Binti alikwenda vizuri, raha tupu. Wiki hiyo alikuwa na mtihani wa leseni, na kazi ya kusambaza dawa za zahanati ilikuwa ikimngoja. Baba alisinzia kidogo, akazinduka, akaona pikipiki inawakatia mbele. Mguu ukaruka wenyewe. Gari likasimama ghafla katikati ya barabara, na lori la mchanga lililokuwa nyuma likawagonga kwenye buti.

Pikipiki ilikuwa mbali kule, ng'ambo ya pili, inakwenda zake.

"Sijaumia," mama alisema, lakini alikuwa ameshika shingo na kichwa hakigeuki.

Dereva wa lori aliteremka, akainama dirishani. "Binti, breki ya nini hapa? Barabara si nyeupe?"

Binti alitazama viatu vyake. "Sijui, kaka. Hata sikumbuki kukanyaga." Akachomoa ufunguo, akauweka mkononi mwa baba yake. "Mtihani siendi, baba. Mimi na gari basi. Ningemuua mama."

Mwalimu akabaki na ule ufunguo. Pombe yote ilikuwa imemtoka. Mguu wake hakuna aliyeuona. Akinyamaza, shule itabaki, jina litabaki, na binti atalia siku mbili tatu kisha atatafuta kazi nyingine. Aliliwaza hilo, tena alilipima vizuri, na aibu ilimshika zaidi kwa kulipima kuliko hata kwa bia.

"Si wewe," alisema. "Nimekanyaga mimi. Nimelewa, nikaona pikipiki karibu na wala haikuwa karibu. Wewe hukukosea kitu."

Mkewe alifumba macho. Binti alimtazama baba yake mpaka baba akainamisha uso, kisha binti akanyoosha mkono na kuuchukua ufunguo.

"Kaka," alimwambia dereva wa lori, "una leseni, na hujanywa?"

"Sinywi, dada."

"Basi kaa nami, niendeshe. Siruhusiwi kuendesha peke yangu, na mama lazima aonwe na daktari." Akamgeukia baba yake, sauti ileile ya upole. "Shuka, baba."

Alishuka. Dereva wa lori akaingia kwenye kiti cha mwalimu. Binti akawasha taa ya ishara, akatazama kioo, akageuka kuangalia nyuma, akaondoa gari bila pupa, kama alivyofundishwa. Mwalimu akaachwa kando ya barabara, analinda lori la mchanga.