Tasbihi ya Bibi Fakhriya

Shule ya bweni ilipofunga, Saif alibeba debe la maji ya bahari kutoka bandarini hadi Kariakoo, akayamimina katika chupa pana ya peremende, akatia humo farasi wa baharini watatu. Bibi yake, Fakhriya, akatoa hukumu: “Akifa hata mmoja, chupa hiyo nje!”

Samaki hao wadogo wakayumba majini, hoi, hawana pa kuzungushia mikia. Saif akatafakari kama kadhi, kisha akatumbukiza tasbihi ya bibi. Papo hapo wakaishika.

Baada ya sala ya adhuhuri bibi akaisaka tasbihi hadi chupani, akawakuta wametulia, kila mmoja kakumbatia punje yake.

“Niitoe, Bibi?”

“Thubutu, mtundu we! Waache wamalize uradi.”