Bwana Chungwa

Mimi mwanamume hajapata kunidanganya mara mbili. Ile mara ya kwanza, waume zangu wote watatu walifaulu vizuri sana.

Kwa hiyo nilipokwenda kumkagua Wahid nyumbani kwake Jumeirah Village Circle, mwaka wa tatu huu, nilikwenda na macho yote mawili na miwani juu yake. Kwa mila zetu mwari haendi kupeleleza nyumba ya mchumba. Huenda bibi yake. Lakini sisi huku ugenini tunakaa mbali, Al Nahda, bibi hajui kuendesha gari, na mwenye gari ni mwari. Ikabidi Muna anipeleke, kisha akae sebuleni ajifanye dereva.

Dereva gani amepaka wanja vile!

Mjukuu wangu huyo umri ulikuwa unamwenda, na sharti lake lilikuwa moja tu. Alikuwa amewalea wadogo zake tangu mama yao alipofariki, amewafulia, amewapeleka skuli, amewaoza. "Bibi, mtoto wa mtu sitaki tena," aliniambia. "Awe masikini, awe na kipara, ila asiwe na mtoto." Na Wahid, kwa mdomo wake na kwa mdomo wa dada yake Khairiya, alikwisha kuapa kwamba hajaoa wala hajazaa. Kipara alikuwa nacho. Muna alimpenda yeye na kipara chake.

Mle ndani macho yangu yalikwenda kwa samaki. Tangi la kioo lilichukua ukuta mzima, na humo alikaa mmoja peke yake, mpana kama sahani, rangi ya chungwa lililoiva mpaka linakaribia kuharibika. Hana doa, hana mstari. Mdomo mdogo, umebinuka kwa hasira kama wa mama mkwe. Jina lake la Kizungu lilinishinda pale pale, nikampa la kwangu: Bwana Chungwa. Ukoo wake uko hata kwetu, vile visamaki vyenye milia vinavyodonoa miguu gatini, lakini yeye ni wa bahari za baridi, miamba ya Kalifonia huko. Nje jua la Agosti linakaanga lami. Ndani mashine inaunguruma mchana kutwa kuyapoza maji yake. Nilitamani kuzaliwa samaki.

"Akiwa mdogo, Bibi, huwa na madoa ya buluu yanayometa," Wahid alinieleza. "Wakubwa wakiyaona, wanajua huyu mtoto, wanamvumilia. Akikua yanafutika, naye anatafuta kwake."

"Na akishapata kwake?"

"Hapo haingii mtu."

Akatumbukiza kidole. Bwana Chungwa alikirukia kama mbwa wa mlinzi. Wahid akakitoa, akakinyonya huku anacheka.

"Mke hana?"

Swali hilo alikuwa akilingoja. "Dume ndiye mwenye nyumba, Bibi. Anang'oa kila kitu, anabakisha mwani mwekundu tu, anaukata sawasawa kama zulia. Jike akipapenda, anataga. Akishataga, dume anamfukuza, anayalinda mayai mwenyewe."

"Mashaallah. Baba mlezi."

"Ila majike wanachagua. Wanapenda kiota chenye mayai machanga, ya manjano. Wakikuta makubwa, yamekaribia kuanguliwa, hawaingii."

"Basi maskini dume afanyeje?"

"Huyala, Bibi. Yale makubwa. Anasafisha nyumba, jike mpya aingie."

Muna akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Mpaka leo hapendi nimkumbushe kicheko kile. Khairiya hakucheka. Alikuwa akinimiminia kahawa, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye sinia.

Hapo kikasikika kishindo. Kidogo, kama goti lililogonga mlango.

"Samaki huyo," Wahid akasema upesi. "Akikasirika husaga meno, sauti inatoka mpaka nje."

Na ni kweli, samaki wa aina ile hufanya hivyo. Nilikuja kusomewa baadaye. Mwongo hodari hauachi uongo wake utembee uchi, huuvisha kanzu ya kweli. Lakini Bwana Chungwa hakuwa na hasira. Alikuwa ameshuka chini kabisa, pembe ya kushoto, ametulia, anatazama nje kama mtu anayengoja mgeni wake.

Nikasingizia magoti, nikaomba kukaa chini kwenye zulia. Nikajikokota mpaka pembe ile. Kioo kizima kilikuwa kinang'aa, kimefutwa kwa ajili yetu, ila pale chini palisahauliwa. Pana alama za vidole. Vidogo, vya mafuta mafuta, vimepandana. Nikaweka changu juu yake, na yule aliyetaka kumla Wahid akaja taratibu, akaniwekea mdomo.

"Nani humlisha?"

"Mimi tu, Bibi. Naishi peke yangu."

"Na urefu wote huo?"

"Huinama."

Ubavuni mwangu ulikuwa mlango wa chumba cha kufulia nguo, ufunguo uko nje. Nikapitisha mkono chini yake. Mlikuwa mkitoka joto kama la tanuri. Samaki ana mashine.

Mama yangu alipoposwa mara ya pili, mimi niliingizwa mvunguni na kipande cha mkate. Wageni wakasifu nyumba ilivyotulia. Kwa hiyo najua. Kilio mtoto anaweza kukimeza, kikohozi anaweza kukibana, hata haja. Kuna kitu kimoja tu kinachomshinda.

Ningeweza kumwita Wahid kando nikamsitiri. Badala yake nikalegeza sauti, nikaitia asali.

"Mwanangu, niapie mbele ya mjukuu wangu, roho yangu itulie. Nyumba hii ina mtoto?"

"Wallahi, Bibi, haina mtoto."

Uso wa Muna ulifunguka. Sijamwona mzuri vile kabla wala baada. "Bibi, khalas," akasema. "Unamchosha mwenzio."

"Khalas," nikasema. Nikamaliza kahawa yangu. Kisha nikaita, kwa sauti ile ya barazani:

"Kitendawili!"

Khairiya akafumba macho.

"Tega!" kikajibu kijisauti nyuma ya mlango.

Muna alikiweka kikombe chake kwenye sinia, polepole sana, kama kitu kisicho chake. Wahid alifungua mdomo, akalitazama tangi.

"Na huyo pia anasaga meno?" nikamwuliza.

Aliyejibu ni yule wa ndani, ambaye alikwisha kungoja vya kutosha.

"Nimesema tega," kikasema. "Tega basi!"